Mtoto wa Rumonge

Tarehe 4 Mei 1881, Wazungu watatu waliuawa Rumonge, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, na ugomvi ulioleta kifo chao ulimhusu mtoto mmoja. Wawili walikuwa mapadri, Toussaint Deniaud na mwenzake Augier. Wa tatu, Félix D'Hoop, alikuwa mlei kutoka Ubelgiji, askari wa zamani wa Papa aliyekuja kulinda misafara ya wamisionari. Mtoto mwenyewe alikuwa miongoni mwa wale waliokombolewa utumwani na kulelewa kituoni. Wabikari, watu wa jirani, walikuwa na neno lao juu yake, na mapadri walikuwa na lao. Kila upande ulikataa kumwachia mwenzake, na shauri likaishia kwenye silaha.

Simulizi ninazozijua zinawataja wale watatu kwa majina na kumwita yeye "mtoto" tu. Mimi humfikiria yeye zaidi. Mapadri walikuwa na makao makuu Algiers, askofu mkuu wa kuwaandikia barua, na kanisa la kuwaombea. Yeye alikuwa amehesabiwa kwa doti za merikani mara mbili: mara ya kwanza na aliyemuuza, mara ya pili na aliyemkomboa. Halafu watu wazima wakauana kwa sababu yake. Ukitaka kujua ukarimu wa Kikristo umekuwa kitu gani kwenye ufuko huu wa Burundi, anzia kwa mtoto huyo, maana mambo yote yaliyofuata yalikwisha kuwamo ndani ya kisa chake: wema, gharama yake, na swali la nani ana haki ya kusema, "Huyu ni wa nyumba yangu."

Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe kwa ajili ya kanzu zao, lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie. Miaka 10 baadaye msafara wao wa kwanza wa kuelekea maziwa makuu ulitoka Bagamoyo. Bagamoyo yenyewe ilikuwa na mfano wa kuiga: tangu 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Safari haikuwa na huruma. Padri Pascal, aliyeteuliwa kuongoza kundi la Tanganyika, alifariki njiani Agosti 1878, na uongozi ukamwangukia Deniaud. Januari 1879 waliosalia wakaingia Ujiji.

Sultani Barghash alikuwa amelifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, lakini amri ya Unguja ilichelewa sana kufika bara. Ujiji ilikuwa bado mji wa biashara ya pembe na watu, na mashua zake zilivuka ziwa kuelekea Manyema na kurudi zimejaa. Mapadri hawakutaka kukaa chini ya kivuli cha wafanyabiashara. Katikati ya mwaka uleule wa 1879 walipanda mashua, wakafuata ufuko kuelekea kaskazini, wakashuka Rumonge. Hapo ndipo palipokuwa kituo cha kwanza cha Ukatoliki katika nchi ambayo sasa ni Burundi, karibu miaka 20 kabla ya misheni ya Muyaga ya 1898, ambayo Kanisa la Burundi huihesabu kuwa mwanzo wake.

Walijenga, wakalima, wakajaribu kujifunza lugha. Kazi iliyowagusa zaidi ilikuwa kununua watoto. Neno ni kali, na sioni sababu ya kulilainisha. Walitoa nguo na shanga, wakapewa mtoto. Walioshuhudia waliuliza swali ambalo bado lina uzito: anayelipa bei ya mtumwa, hata kwa nia ya kumwacha huru, je, hampi mwizi sababu ya kurudi msituni kutafuta mwingine? Ni kweli kwamba fedha ya ukombozi ilikuwa bado fedha sokoni. Ni kweli pia kwamba mtoto aliyefungwa kamba mbele yako hawezi kungoja sera ibadilike. Mapadri walilipa. Mimi ningelipa, na ningelala usiku nikijua kwamba sijamaliza kitu.

Kulipa, hata hivyo, kulikuwa sehemu nyepesi. Mtoto akishaingia uani anakula kila siku, anaugua, anaota ndoto za kwao, anatoroka, anadaiwa. Majirani wa Rumonge walikuwa na hesabu zao za nani ni wa nani, hesabu za ukoo, deni na ulinzi, ambazo wageni wa miaka miwili hawakuzielewa vizuri. Wageni nao waliamini kwamba neno "huru" likishatamkwa halirudishwi. Siku ile ya Mei imani hizo mbili zilikutana. Kituo kikavunjwa, waliosalia wakavuka kwenda Masanze, upande wa magharibi wa ziwa, na baadaye wakafungua Kibanga mwaka 1883, kisha wakakabidhiwa Mpala na Karema mwaka 1885. Rumonge ikarudia uvuvi wake.

Makanisani mwetu ukarimu huzungumzwa wakati kapu linapopita. Tunahimizwa kutoa kwa moyo wa furaha, na mtu huchomoa noti mfukoni. Mjane wa Injili na sarafu zake mbili hutajwa kila mwaka. Sina ugomvi na kapu. Lakini kwenye ufuko huu kutoa kulipimwa kwa kipimo kingine: umemwingiza nani ndani, na utalipa nini ili abaki?

Kapu lenyewe lina kisa kinachohusu ziwa hili. Mwaka 1888 Lavigerie, ambaye sasa alikuwa kardinali, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Aliyoyasimulia yalitoka kwenye barua za vijana wake wa Tanganyika. Novemba 1890 Papa Leo XIII akaagiza kwamba kila sikukuu ya Epifania sadaka ichangwe makanisani kote duniani kwa ajili ya kuwakomboa watumwa wa Afrika. Fikiria mkulima wa Ufaransa au mama wa Ireland, asiyejua Ujiji iko wapi, akitumbukiza senti kwa ajili ya mtoto wa Manyema. Katika kampeni hiyohiyo, serikali za Ulaya zilipata kisingizio kizuri cha kuja kutawala, na zikakitumia. Kosa hilo simtwishi yule mama.

Mtoto mmoja aliyekombolewa tunamjua kwa jina, na alifika kwenye ziwa hilihili. Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na mto Niger, akaibwa utotoni, akavushwa Sahara na kuuzwa. Mapadri Weupe walimkomboa Algeria, wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine wa Kiafrika kujifunza udaktari. Lavigerie alitaka makatekista ambao pia wangetibu. Mwaka 1889 Atiman akafika Karema, kwenye ufuko uleule wa mashariki, kusini zaidi, katika mkoa wa Katavi wa leo. Hakuondoka tena. Alimwoa binti wa chifu wa Wabende, mwanawe akawa padri, naye akatibu watu wa Karema hadi alipofariki Aprili 1956. Hiyo ni miaka 67.

Ningependa msomaji akae kidogo na hesabu hiyo. Wakati Atiman anafungua mfuko wake wa dawa kwa mara ya kwanza Karema, Wajerumani walikuwa bado hawajaushika ufuko huo. Alipoufunga mfuko huo, chama cha TANU kilikuwa na miaka karibu 2. Aliwatibu wajukuu wa wagonjwa wake wa kwanza. Angeweza kuishi Malta au Algiers kwa taaluma yake, na alikuwa na kila sababu ya kulikimbia bara lililomuuza. Watu wa Karema hawakuwa jamaa zake. Karema iko mbali sana na mto Niger. Hata hivyo ndiko alikokwenda kulipa, kama ni malipo. Bei iliyotolewa Algeria kwa mvulana mmoja ilirudi ziwani ikiwa imezaa, na wala haikurudi kwa waliotoa.

Nairuka miaka mingi hapa, ya Wajerumani, ya Wabelgiji, ya michikichi iliyopandwa safu kwa safu katika tambarare ya Imbo hadi mawese yakawa jina la pili la Rumonge baada ya ndagala. Nashuka Aprili 1972.

Tarehe 29 mwezi huo, waasi wa Kihutu walianza mashambulizi Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi kando ya ziwa. Serikali ya Rais Micombero ilijibu kwa kuwawinda Wahutu nchi nzima, wasomi kwanza, walimu, wanafunzi, makarani, mapadri. Makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Mmoja wao alikuwa Padri Michel Kayoya, mshairi, aliyeuawa Gitega tarehe 17 Mei. Watu wa Imbo walikuwa na ziwa mbele yao na milima nyuma. Waliopata mtumbwi walivuka, wengine wakafuata ufuko kwa miguu hadi Kigoma.

Kuanzia hapo Wakristo wa Rumonge walikuwa upande wa pili wa ukarimu, upande wa kupokea, nao hauna raha. Vijiji vya Kigoma viliwalisha kwanza, vyenyewe vikiwa na kidogo. Kisha serikali ya Mwalimu Nyerere ikatenga misitu ya Ulyankulu, Katumba na, baadaye, Mishamo. Kazi ya kuyajenga makazi hayo ilifanywa na serikali, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na shirika la Kikristo la TCRS, ambalo Walutheri walilianzisha mwaka 1964. Fedha zilitoka kwa washarika wa Ulaya na Marekani. Jasho lilitoka kwa wakimbizi. Walifyeka miombo, wakapambana na mbung'o, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakauza ziada kwa wenyeji wao. Kufikia 1985 makazi yote matatu yalikuwa mikononi mwa serikali, yakijilisha. Miaka mingi baadaye, zaidi ya 162,000 kati ya watu hao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Nikitafuta mfano wa taifa lililomwingiza mtu nyumbani na kukubali abaki, huo ninao karibu. Baadaye Tanzania hiyohiyo iliwafungia wakimbizi wengine mlango kwa ukali, jambo ambalo haliondoi lile la kwanza, na lile la kwanza halilisafishi.

Milimani juu ya Rumonge kuna Buyengero. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata mauaji ya Rais Ndadaye, Oktoba 1993, vilifika huko pia. Parokiani walikuwepo Waitaliano watatu: Padri Ottorino Maule na Padri Aldo Marchiol wa shirika la Waksaveri, na mlei Catina Gubert, mama wa miaka 74. Walikuwa na pasipoti za kigeni, na ndege zilikuwa zikiruka Bujumbura. Walibaki, wakaendelea kuwapokea watu wa makabila yote na kutosema uongo juu ya waliokufa. Jioni ya tarehe 30 Septemba 1995 waliuawa kwa risasi ndani ya nyumba yao.

Tazama jinsi orodha ya Buyengero inavyofanana na ya 1881: mapadri wawili na mlei mmoja. Tofauti ni kwamba wa Buyengero hawakugombania mtu. Hapakuwa na mtoto wa kudaiwa. Walidaiwa wao wenyewe kuondoka, na kukaa kwao ndiko kulikokuwa zawadi. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi shauri la kuwatangaza kuwa mashahidi wa udugu, wao pamoja na Kayoya na waseminari 40 wa Buta, ambao tarehe 30 Aprili 1997 waliamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule, wakakataa. Buyengero na Buta zote ziko katika jimbo moja la Bururi, na Rumonge pia. Vijana wale wa bweni la Buta hawakuwa na shilingi ya kutoa. Walichokuwa nacho ni jirani wa kitanda cha pili, na hawakumtoa.

Sasa nafika kwenye ardhi, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wa kawaida walipotakiwa kufanya yale ambayo tumezoea kuwaachia mashahidi.

Waliokimbia 1972 waliacha mashamba Imbo, mazuri, yenye maji na michikichi. Ardhi haikungoja. Dola iligawa viwanja kwa wengine, baadhi vikaingizwa kwenye miradi ya mawese, na baadhi vikauzwa mara mbili, mara tatu. Sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa haki mtu aliyekalia ardhi kwa miaka 30, au 15 kama aliipata kwa nia njema. Hesabu ya 30 kuanzia 1972 iliisha 2002, wakati wenyewe walikuwa bado Katumba. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulisema wazi kwamba mkimbizi arudi na apewe mali yake. Amani ilipokaa sawa kidogo, na hasa kuanzia 2008, familia zikarudi kwa makumi elfu. Mzee akashuka kwenye lori na kijiti, akaonyesha mwembe alioupanda baba yake. Chini ya mwembe kulikuwa na nyumba ya mtu mwingine, na watoto waliozaliwa humo.

Tume ya taifa ya ardhi iliundwa 2006, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa padri, Abbé Astère Kana. Njia aliyoipendelea ilikuwa kugawana: aliyerudi achukue nusu, aliyemo abaki na nusu. Baada yake uongozi ukashikwa na mtu wa Kanisa vilevile, Monsinyori Sérapion Bambonanire, naye akaelekea upande mwingine: mali irudi yote kwa mwenyewe. Wakristo wawili, wote watu wa altare, walisoma Injili moja na kupima kamba ya shamba kwa namna tofauti. Hilo halinishtui. Kana aliona watu wawili wanaopaswa kuishi kando ya kisima kimoja, na Bambonanire aliona mtu aliyeibiwa. Wote wawili waliona sawa.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Yeriko, alitamka mambo mawili kwa pumzi moja: nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Kutoa na kurudisha. Mara nyingi tunahubiri la kwanza na kulimeza la pili. Rumonge ilikuwa mahali ambapo huwezi kulimeza. Aliyerudishiwa shamba lake hakupewa sadaka; alipewa haki yake, na kumwambia ashukuru ni kumtukana. Lakini aliyenunua kiwanja kwa nia safi miaka ya 1980, akazika mama yake pale, naye si mwizi. Kati ya hao wawili haki peke yake haikutosha kugawanya kitu bila mmoja wao kubaki na kidonda. Palihitajika mmoja atoe zaidi ya anachodaiwa, au apokee pungufu ya anachodai. Tume iliweza kuamuru nusu kwa nusu. Haikuweza kumwamuru mtu amwonyeshe jirani mahali mama yake alipozikwa na kumwambia aje kupalilia kaburi muda wowote.

Na kuna michikichi. Mchikichi huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na huvunwa kwa miaka zaidi ya 20. Kamba ya mpaka ikipita katikati ya shamba, inaweka miti iliyopandwa na huyu kwenye udongo wa yule. Nani avune msimu wa kwanza? Wako waliokwenda mahakamani kwa ajili ya mikungu ya ngazi, na wako waliofika kwenye mapanga. Wako pia waliokaa chini na watu wazima wa mlimani, Wakatoliki na Wapentekoste na, kwa kuwa ni Rumonge, Waislamu wa mtaani, wakapatana kwamba aliyepanda avune mpaka mti uchoke, na mwenye udongo apate mafuta ya nyumbani. Mapatano ya namna hiyo hayapigwi picha. Yalizigharimu pande zote mbili chakula halisi, cha watoto halisi.

Miaka ya karibuni ziwa nalo limeingia katika shauri. Lilipanda mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2024 maji yakaifikia bandari ya Rumonge na kuzifunika nyumba za ufukoni, za waliorudi na za waliobaki bila kubagua, pamoja na mipaka yote iliyopimwa. Watu walipandisha mlimani magodoro, sufuria na mbuzi. Kabla ya mahema kufika, wengi walilala kwa jamaa na kwa majirani, kumi na watano katika nyumba ya vyumba viwili. Katika ukanda ule, mwenye nyumba wa miaka 40 anayefungua mlango usiku anaweza kuwa amezaliwa Mishamo, kwenye kiwanja alichopewa baba yake na watu wasiomjua.